Mkimaliza Kuandika, Wanakuja na Rangi? Somo kwa Wanaokwenda Fildi

Likizo ndefu ya mwaka wa pili nilikwenda fildi kwenye mtaa mmoja wa bondeni, Kinondoni. Kwenye karatasi kazi ilionekana nyepesi: kupita nyumba kwa nyumba, kuweka alama ya kila nyumba kwenye ramani kwa kutumia simu, kisha kuuliza maswali ya dodoso. Siku ya kwanza, nyumba ya tatu, tulimkuta mama mmoja barazani anachambua dagaa. Tukamwamkia, akaitikia, tukajieleza. Alitusikiliza mpaka mwisho, akakishika kitambulisho changu cha chuo, akakigeuza mbele na nyuma, akaniuliza:

"Sasa mwanangu, mkimaliza kuandika, wanakuja na rangi?"

Aliyekuwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 hana haja ya kuuliza rangi gani. Ni ile nyekundu, ya alama ya X ukutani, wakati nyumba za bonde la Msimbazi zilipokuwa zinabomolewa. Kwa mama yule, watu wa karatasi na watu wa rangi walikuwa msafara mmoja. Tofauti ni nani anatangulia tu.

Nilimjibu, "Hapana mama, sisi ni wanafunzi." Nilijibu haraka kuliko nilivyokuwa na hakika. Ukweli ni kwamba sikujua zile data zikitoka kwenye simu yangu zinakwenda wapi, anazisoma nani, na atazitumia kufanya nini. Makala hii ni kwa ajili ya wenzangu mnaojiandaa kwenda fildi, hasa mtakaotumwa kupima hali ya maisha ya watu mitaani. Nataka tujifunze pamoja juu ya jambo linaloitwa sayansi ya wananchi, yaani utafiti ambao mwenyeji wa mahali anashika kalamu badala ya kuwa mtu wa kujibu maswali tu.

Namba zinasema nini, zinanyamazia nini

Tuanze na namba, maana ndiyo lugha tuliyofundishwa darasani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Yaani ndani ya miaka 10 jiji limeongeza zaidi ya watu milioni moja. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Na utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 ulionyesha kuwa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ni asilimia 26.4, wakati Dar es Salaam ni asilimia 8 tu.

Ukizisoma namba hizi chumbani hosteli unaona jiji linaneemeka. Na kweli, kuna mambo yamebadilika mbele ya macho yetu. Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria 2016, treni ya umeme ya Morogoro ikaanza safari 2024, na kila ukirudi kutoka nyumbani unakuta ghorofa jipya Sinza.

Sisemi namba hizo ni za uongo. Nasema kila kipimo kina jicho lake. Kipimo cha umaskini wa mahitaji ya msingi kinaangalia matumizi ya kaya: mmekula nini, mmenunua nini. Hakiulizi hela imetoka wapi. Aliyekula kwa mshahara na aliyekula kwa mkopo wa kausha damu, wote wanaonekana wamekula. Lakini waulize wenyewe nani kati yao analala usingizi.

Hapo ndipo swali linapobadilika. Badala ya kuuliza "mtaa huu una maskini wangapi?", tunauliza "kwa watu wa mtaa huu, kuishi vizuri ni nini, na nini kinawazuia?" Swali la kwanza unaweza kulijibu ukiwa ofisini na jedwali. La pili huwezi bila wenyewe.

Somo kutoka London ya mashariki

Mfano unaosaidia kulielewa jambo hili uko mbali kidogo, London, upande wa mashariki. Eneo lile limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1889 tajiri mmoja mwenye meli, Charles Booth, alianza kuchapisha ramani za umaskini. Kila barabara ilipakwa rangi kulingana na hali ya wakazi wake: njano kwa matajiri wakubwa, nyeusi kwa tabaka la chini kabisa, ambalo aliliandikia maneno ya kulidharau, karibu aliite la wahalifu. Taarifa za mwanzo zilitoka kwa maofisa waliokuwa wakifuatilia mahudhurio ya watoto shuleni, na baadaye watu wake walizunguka mitaani wakiongozana na polisi. Ilikuwa kazi kubwa na bado inasomwa mpaka leo. Ila ebu fikiria: mtu anakuja mlangoni kwako na askari, anaondoka, halafu barabara yenu inapakwa nyeusi kwenye kitabu ambacho hutakiona.

Naam, na wao walikuwa na rangi yao.

Miaka mingi baadaye London ilipopewa Michezo ya Olimpiki ya 2012, eneo hilohilo likabadilishwa sura. Stratford ilipata uwanja, bustani kubwa, na duka kubwa la kisasa lililofunguliwa 2011. Kijiji cha wanamichezo kikageuzwa kuwa makazi yanayoitwa East Village. Wakazi waliahidiwa kwamba ndani ya miaka 20 hali yao ya maisha ingelingana na ya Walondon wengine. Ahadi ilikuwa nzuri. Lakini kodi za nyumba zilipanda, na watu wakaanza kujiuliza kama neema ile ilikuwa imekuja kwa ajili yao au kwa ajili ya wale watakaohamia.

Mwaka 2015 taasisi ya chuo kikuu cha UCL inayoshughulikia masuala ya ustawi ilifanya jambo tofauti na Booth. Iliwachukua wakazi wa maeneo hayohayo, ikawafundisha kuhoji, kurekodi na kuchambua majibu, kisha wakaenda kwa majirani zao. Swali kuu halikuwa kipato chako ni kiasi gani. Lilikuwa: kwako wewe, maisha ya ustawi ni nini?

Majibu hayakuanza na utajiri. Watu walizungumza juu ya kazi ya uhakika, nyumba ambayo kodi yake inalipika, kujisikia ni sehemu ya mahali unapoishi, na kuwa na sauti kwenye maamuzi. Kutokana na majibu hayo ndipo watafiti wakatengeneza kipimo kipya cha ustawi kinachofuata vitu wenyeji walivyovitaja. Tazama mpangilio: kwanza wakazi waliamua nini kinafaa kupimwa, ndipo mkanda ukatolewa. Sisi mara nyingi tunakwenda na mkanda tayari.

Na huku kwetu

Usidhani jambo hili ni la Ulaya tu. Kibera, Nairobi, mpaka 2009 ilikuwa kama doa tupu kwenye ramani za wazi za mtandaoni, ingawa imejaa watu, shule, makanisa, misikiti na biashara. Mwaka huo vijana wa Kibera walichukua vifaa vya kupimia mahali, wakatembea vichochoro vyao wenyewe, wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia.

Dar es Salaam, Tandale ilichorwa kwa njia hiyo 2011, wanafunzi wa chuo wakishirikiana na wakazi. Mwisho wa mwaka huohuo mwezi Desemba yalikuja mafuriko makubwa yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko kuchora majengo, mitaro na njia. Baadhi ya kaka na dada zetu waliotutangulia hapa chuoni wamo kwenye historia hiyo, hata kama majina yao hayasemwi.

Na ile taasisi ya London yenyewe imewahi kufanya kazi Dar, pamoja na Centre for Community Initiatives na wakazi, katika mitaa ya Keko Machungwa, Bonde la Mpunga na Mji Mpya. Nao walilazimika kutafuta neno. Maana Kiswahili hakikosi maneno ya jambo hili, tatizo ni kwamba kila neno limeshabeba mzigo wake. Walioshiriki waliishia kuzungumza juu ya maisha mazuri.

Nilichojifunza kwa kuanguka

Nami nililigundua hilo kwa njia ngumu. Dodoso letu lilikuwa limeandikwa "ustawi". Niliuliza, "Unaridhika kiasi gani na ustawi wa kaya yako?" Watu walinitazama tu. Mmoja alidhani natoka Ustawi wa Jamii, akaanza kunieleza kesi ya matunzo ya mtoto wa dada yake. Nikajaribu "maendeleo", wakanielekeza kwenye barabara na kunitajia diwani. Nikasema "maisha bora", wazee waliokuwa wanacheza bao wakacheka, kwa sababu wanaikumbuka kampeni ya 2005. Niliposema "maisha mazuri kwako yakoje?" ndipo mzee mmoja akasogeza kigoda, akasema, "Kaa hapo." Tukaongea dakika 40.

Somo la pili lilitoka kwa yule mama wa dagaa. Kumbe yeye ndiye kijumbe wa mchezo wa akina mama wa pale. Dodoso letu lilikuwa na swali la kipato kwa mwezi, na kila mtu alikuwa akikisia. Mama akaniambia, "Kipato hatukijui mwanangu, kinakuja kinaondoka. Ukitaka kujua mtaa una hali gani, uliza nani anaomba kubadilishiwa zamu." Akanifafanulia: masika yakikaza, mauzo ya chapati na vitumbua yanaanguka, magodoro yanalowa, watoto wanaharisha, na wanawake wanaanza kuomba zamu yao ya kupokea iletwe mbele. Wakizidi watatu kwa mwezi, anajua kuna shida. Daftari hakunionyesha, na hakutakiwa kunionyesha. Lakini nilielewa kwamba mtaa tayari una kipimo chake, kina mtunzaji, na kinafanya kazi kila wiki bila ruzuku ya mtu.

Somo la tatu linahusu ujirani. Dodoso liliuliza: "Una watu wangapi unaoweza kuwategemea?" Karibu wote walitaja namba nzuri, maana nani atakubali mbele ya wageni kwamba hana mtu? Tulikuwa tunatembea na wenyeji watatu, dada wawili na kijana wa bodaboda. Tuliwaita "waongozaji". Mmoja wa wale dada alisimama njiani akasema, "Kaka, hili swali halifai. Uliza hivi: mvua ikinyesha usiku maji yakaingia, unagonga mlango wa nani?"

Tulilibadilisha. Majibu nayo yakabadilika. Wakazi wa siku nyingi walitaja milango bila kufikiri: kwa mama fulani, kwa fundi, kwa shehe. Baadhi ya wapangaji wapya walinyamaza. Kijana mmoja mwenye fremu ya kuchaji simu alisema, "Mimi nina miezi minne hapa. Sijui, labda nitapanda juu ya meza." Chumba chake kilikuwa na sakafu ya vigae na runinga. Kwenye fomu yetu alionekana yuko vizuri kuliko majirani zake. Kwa swali la dada yule, alikuwa miongoni mwa walio hatarini zaidi.

Hapo nikaelewa uhusiano wa jamii na ustawi kwa namna ambayo mhadhara haukuwahi kunipa. Jiji linalobadilika haraka linawahamisha watu kila kodi inapopanda, na mtu akihama hahami na milango ya kugonga. Anaanza upya. Unaweza kuongeza kipato na ukapungukiwa majirani kwa wakati mmoja, na hakuna mahali kwenye fomu pa kuandika hasara hiyo.

Swali ambalo halikuulizwa

Sasa nifike kwenye lililoniuma. Siku ya nne tulifika kwenye sehemu ya dodoso inayouliza nyaraka za nyumba: una hati, una leseni ya makazi, au huna kitu? Jibu lilikuwa linahifadhiwa pamoja na jina la mtu na mahali nyumba ilipo. Dada yule yule akasema, "Hili mimi simuulizi mtu. Na mimi mwenyewe silijibu."

Niseme ukweli, nilikasirika. Msimamizi alikuwa anataka fomu zilizojazwa kamili, na mimi nilikuwa nafikiria maksi. Nikamwambia hii ni data tu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Kwako ni data. Wewe likizo ikiisha unarudi hosteli."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilirudi kwenye lile swali la rangi. Orodha ya nyumba zisizo na karatasi, zenye majina, zikiwa zimepigiwa alama kwenye ramani: mtu anayetaka kuwasaidia watu wale angeipenda, na mtu anayetaka kuwaondoa angeipenda zaidi. Nani angenihakikishia itamfikia yupi?

Tukaenda kwa msimamizi, wote, na wenyeji watatu wakiwemo. Kwa bahati alisikiliza. Tulikubaliana mambo matatu: majina yasihifadhiwe pamoja na mahali, swali la nyaraka liondolewe, na ramani itakayowekwa wazi ionyeshe mitaro, njia, visima, vyoo vya umma na sehemu maji yanapofika, siyo nani ana karatasi gani. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika, kwa hiyo jambo hili si hisani tena. Lakini sisi hatukuongozwa na sheria siku ile. Tuliongozwa na dada ambaye tulikuwa tunamwita mwongozaji.

Ukitumwa fildi, fanya hivi

Kwanza, fuata ngazi. Barua ya chuo, manispaa, mtendaji wa mtaa, mwenyekiti, mjumbe. Lakini usiishie hapo. Ruhusa ya ofisi haikupi ruhusa ya barazani. Hiyo unaiomba kila nyumba, na mtu akikataa, shukuru na uende.

Pili, wenyeji waingie kabla dodoso halijaandikwa, siyo baada. Kaa nao siku mbili, wakupe maneno yao, wakufutie maswali yasiyofaa. Swali moja lililotungwa na mwenyeji linaweza kuzidi kurasa tatu za kwenye kompyuta.

Tatu, walipwe. Wewe una bumu na posho ya fildi, hata kama havitoshi. Kijana wa boda akitembea nawe kutwa amepoteza hesabu ya bosi. Kumwita mshiriki wa hiari ni kumdhulumu kwa lugha nzuri.

Nne, kabla ya kila swali jiulize: jibu hili likianguka mikononi mwa mtu mbaya, nani ataumia? Ukimpata wa kuumia na huwezi kumlinda, liache.

Tano, rudisha matokeo. Siyo ripoti ya kurasa 60, bali mkutano, ramani ukutani, na Kiswahili cha kawaida.

Nijibu na pingamizi ambalo wenzetu wa takwimu wananiambia kila tukikutana kantini: mwenyeji ana upendeleo, atamficha jirani yake. Ni kweli, anaweza. Ndiyo maana wenyeji wanafundishwa, wanahoji wawili wawili, na majibu yanalinganishwa na vyanzo vingine. Na mgeni naye ana upendeleo wake: anaona vigae na runinga, anaandika "vizuri". Utafiti mzuri unawaweka wote wawili kwenye meza moja wasahihishane.

Mwisho wa fildi tulitundika ramani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Watu walisahihisha kwa kalamu: mtaro tulioandika kuwa uko wazi ulikuwa umezibwa, na njia tuliyoichora ilikuwa imeshazungushiwa ukuta. Mama wa dagaa alitafuta nyumba yake kwa kidole mpaka akaipata. Akaomba nakala moja. Nikamuuliza ataifanyia nini.

"Nitaiweka na vyeti vya watoto," akasema. "Wakija na rangi, na mimi niwe na karatasi yangu."

Sijui kama karatasi ile itamsaidia siku hiyo. Ilichapwa rangi mbili, kwa hela ya mchango wetu wenyewe. Lakini mtaro alioufuta kwa kalamu na ule alioongeza vimo kwenye ramani mpaka leo, na ukifungua sehemu ile kwenye simu yako utaviona.